Jeki Nne Ukutani

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, siku ya Ijumaa, tanuri la Nayef lilikuwa limeshazimwa. Kwa kawaida siku hiyo moto haukuzimwa kabla ya saa tatu, kwa sababu Ijumaa kijiji kizima hula mikate ya moto na maharage, na wateja hupanga foleni hadi kwenye ngazi za msikiti. Leo mlango wa duka ulikuwa umefungwa nusu. Rihab, binti wa Nayef mwenye umri wa miaka kumi na miwili, alikuwa akiifunga mikate ya mwisho kwenye vitambaa safi.

"Hii haiuzwi," Nayef alimwambia mteja aliyechungulia dirishani. "Ni ya watu wa zege. Wewe mwenyewe si unakuja?"

"Nakuja, bwana! Nilitaka kuuliza tu, nilete koleo au nilete tumbo?"

"Lete vyote viwili."

Siku hiyo walikuwa wanamwaga paa la nyumba yao mpya. Tangu Rihab azaliwe, yeye, wazazi wake na wadogo zake walikuwa wakiishi katika vyumba viwili vya Bibi Tuffaha, mama yake Nayef, nyuma ya duka la mikate. Nyumba mpya ilikuwa upande wa pili wa barabara, penye mteremko wa mizeituni. Kuta zilikuwa zimekamilika. Kilichobaki ni paa.

Katika vijiji vya milima ya Ajlun, mtu hamwagi paa peke yake. Majirani huja bila kuitwa, na koleo zao mabegani, wakamsaidia mwenye nyumba bila malipo. Naye huwalisha nyama ya kondoo juu ya wali, yenye mchuzi mzito wa maziwa ya mtindi. Anayewalisha vibaya hulisikia neno hilo kwenye kila harusi mpaka anazeeka.

Jana yake alasiri, Mhandisi Sausan, aliyesimamia ujenzi, alikuja kukagua. Rihab alimfuata akiwa ameshika tochi. Mhandisi alikuwa mwanamke mfupi aliyevaa buti zenye vumbi, na hakuwa na desturi ya kuongea huku anatembea. Alisimama, akanyoosha kidole, ndipo akasema.

Kwanza alionyesha ubao uliolala chini, misumari yake ikitazama juu.

"Huu unamsubiri nani?"

"Mtu aliyevaa kandambili," Rihab alijibu.

"Na hapa kijijini nani havai kandambili?"

Rihab alicheka. Mhandisi hakucheka. Alichukua nyundo akaikunja misumari yote, akauegemeza ubao mahali pasipopita watu. Juu, kwenye tundu lililoachwa kwa ajili ya ngazi, alikuta kifuniko cha mbao kilichowekwa tu bila kupigiliwa. Alimwita Fundi Jiryis, msimamizi wa mafundi, akakipigilie papo hapo, maana mtu anayerudi kinyumenyume na koleo haoni nyuma. Ncha za nondo zilizosimama pembeni alitaka zivikwe chupa tupu za plastiki, asije mtu akaziangukia. Ngazi ya kupandia alitaka ifungwe kwa waya juu na chini. Fundi Jiryis alifanya yote bila kubisha. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka mingi.

Mwisho waliingia chumba kikubwa, ambacho kingekuwa sebule. Ndani mlikuwa na jeki nyingi kiasi kwamba mtu alipita kwa ubavu. Jeki hizo zilikuwa nguzo za chuma zinazorefushwa kwa kuzungusha skrubu. Kila moja ilikanyaga kipande cha ubao ili isizame ardhini, na kichwani ilibeba boriti ya mti. Juu ya boriti kulitandazwa mbao, na juu ya mbao ndiko zege lingemwagwa.

"Zege likiwa bichi halijibebi," Mhandisi Sausan alisema. "Ni kama uji. Hizi jeki ndizo miguu yake mpaka litakapokauka na kupata nguvu. Ukiondoa moja, mzigo wake unahamia kwa jirani yake. Ukiondoa kadhaa pamoja, jirani naye anashindwa."

"Halafu?"

"Halafu linarudi chini lilikotoka. Tani kwa tani."

Alifunga utepe mwekundu na mweupe mlangoni, akamwambia Nayef, "Kesho asiingie mtu humu. Hata paka. Mimi asubuhi nina kazi mjini Irbid, nitafika kabla ya sala ya Ijumaa."

"Nimekusikia, Mhandisi," Nayef alisema.

Ndivyo ilivyokuwa Alhamisi.

Ijumaa asubuhi lori la pampu lilifika kwanza, likakunjua mkono wake mrefu juu ya nyumba. Aliyeliendesha alikuwa Sabri, Mmisri mwenye masharubu, aliyevaa shingoni kisanduku cha vitufe kilichoamuru kila kitu. Akibonyeza kimoja, bomba lilisogea. Akibonyeza kingine, zege lilitoka au likakoma.

Majirani nao walifika. Fundi Jiryis alisimama chini ya ngazi akigawa kofia ngumu.

"Mimi kilemba changu kinatosha," alisema mzee mmoja mwenye duka la mbolea.

"Kilemba chako kinazuia jua, hakizuii koleo."

"Koleo la nani?"

"La jirani yako hapo. Umewahi kumwona akifanya kazi? Vaa!"

Watu walicheka, mzee akavaa. Kijana mmoja aliyekuja na kandambili alirudishwa kwao kuchukua viatu. Watoto waliambiwa wasikanyage ngazi kabisa. Kisha Fundi Jiryis akapanda, Nayef akamfuata, na pampu ikaanza kunguruma. Kutoka wakati huo, mtu akitaka kusikika ilimbidi apige kelele sikioni mwa mwenzake.

Walianza kumwaga upande wa mbali, juu ya vyumba vya kulala. Lori la kwanza la zege likaisha, la pili likaingia.

Uani, mama yake Rihab na wanawake wa jirani walikuwa wameinjika masufuria matatu juu ya kuni. Kazi ya kuwakirimu wageni ilikuwa mikononi mwa Amu Mifleh, kaka mkubwa wa Nayef. Alikuwa mtu mnene, mkarimu, aliyewaoza wanawe wanne wakubwa kwa karamu ambazo bado zilizungumzwa. Kwake, mgeni kula vibaya ni msiba.

Asubuhi ilipopata joto, upepo ukapanda kutoka bondeni. Uliinua vumbi la barabara na kulimwaga uani. Amu Mifleh alifunua sufuria moja, akaona madoa ya kahawia juu ya mtindi.

"Tutawalisha watu mchanga?" alisema. "Mwaka mzima watatucheka!"

Alitazama huku na huku. Nyumba mpya ilikuwa na kuta, kivuli, na haikuwa na vumbi. Aliufungua utepe mlangoni, akauviringisha na kuutia mfukoni. Alikuwa ameleta meza ndefu ya kukodi, ile ya harusi, lakini haikupita katikati ya jeki. Kwa hiyo alizungusha skrubu za jeki nne zilizokuwa mstari mmoja katikati ya chumba, akazitoa, na mwanawe Kutaiba akaziegemeza ukutani. Zilitoka kwa urahisi, kwa sababu zege lilikuwa bado halijafika juu ya chumba hicho. Mzigo haukuwepo bado.

Hakufanya kwa siri wala kwa ubaya. Alijenga nyumba yake miaka ishirini iliyopita kwa kutumia miti badala ya jeki, na siku ile miti kadhaa ilianguka yenyewe, paa likabaki. Jambo hilo alilisimulia mara nyingi. Hakuwahi kujiuliza kama lilikuwa ni bahati.

Rihab alikuja kutoka dukani na mzigo wa pili wa mikate kichwani. Hakumkuta mtu uani ila mama yake na majirani wakikoroga masufuria.

"Peleka ndani," mama yake alimwambia bila kuinua macho. "Amu yako amehamishia meza huko."

"Ndani wapi?"

"Nyumba mpya."

Rihab alifika mlangoni akasimama. Utepe haukuwepo. Meza ilikuwa imetandikwa kitambaa cheupe, na masinia makubwa yalipangwa juu yake. Kando ya ukuta Bibi Tuffaha aliketi kwenye kiti cha plastiki, bakuli la lozi mapajani, akizimenya. Wadogo wawili wa Rihab walikuwa wakicheza chini ya meza. Kutaiba alikuwa akipanga vijiko. Na ukutani, zimeegemezwa kama mafagio, palikuwa na jeki nne.

Juu ya meza, boriti ilining'inia bila kitu chini yake.

"Nani ameondoa hizi?" Rihab aliuliza.

"Baba," Kutaiba alisema. Alimzidi Rihab miaka miwili na hakupenda kuulizwa naye. "Kwani vipi?"

"Zirudishe... Hapana, usizirudishe. Tokeni. Mhandisi alisema mtu asikae humu."

"Mhandisi alisema, mhandisi alisema! Umeshika tochi siku moja umekuwa mhandisi? Lete mikate, mhandisi wa tochi."

"Kutaiba, sitanii. Bibi, tafadhali toka nje."

"Nitoke niende wapi, mwanangu?" Bibi Tuffaha alisema. "Nje vumbi linaniingia kifuani. Hapa pazuri. Nyumba yenyewe nimeingoja miaka, unanifukuza siku ya kwanza?"

Juu yao palisikika kishindo laini, kisha mvumo. Bomba lilikuwa limehama. Zege sasa lilikuwa linamwagwa juu ya sebule. Tone la maji ya kijivu lilipenya kati ya mbao, likaangukia kitambaa cheupe.

Rihab aliweka mikate chini, akawavuta wadogo zake kwa mikono kutoka chini ya meza mpaka nje. Walilia, mama yao akageuka. Rihab alitazama juu. Baba yake alikuwa ukingoni mwa paa akiwaelekeza watu.

"Baba! Baba, jeki!"

Nayef aliona midomo yake ikicheza, lakini hakusikia neno. Alimpungia mkono, maana yake ngoja kidogo.

Ngazi ilikuwa hatua chache tu. Rihab aliitazama. Wanaume walikuwa wakishuka na kupanda na ndoo, na Fundi Jiryis alikuwa amesema watoto wasiikanyage. Hata angepanda, angesogea kwenye paa lile lile aliloliogopa, akaongeza uzito. Aliigeuzia ngazi mgongo, akakimbilia barabarani kwa yule mwenye kisanduku.

Sabri alimwona akija, akanyoosha mkono. "Binti, kaa mbali na bomba!"

"Amu Sabri, simamisha! Kuna watu chini ya paa, na jeki zimeondolewa!"

"Zimeondolewa au zimelegea?"

"Zimeondolewa! Nne, za katikati, mstari mmoja. Zimeegemezwa ukutani."

"Umeona kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu, sasa hivi. Bibi yangu yumo!"

Sabri hakuuliza tena. Alibonyeza kitufe chekundu. Bomba lilikohoa mara mbili, likanyamaza.

Kimya kilikuwa cha ghafla kiasi kwamba watu wote juu ya paa waligeuka.

"Vipi tena, Sabri? Umelala?"

"Zege litakauka kwenye lori, bwana we!"

"Jiryis!" Sabri alipaza sauti. "Shuka uangalie chini. Jeki!"

Neno hilo moja lilimtosha Fundi Jiryis. Alishuka ngazi, akaenda mlangoni, lakini hakuingia. Aliinama, akamulika juu kwa tochi. Boriti ya katikati, ambayo jana ilinyooka kama rula, sasa ilikuwa imebonyea kama kamba ya kuanikia nguo. Kando yake jeki mbili za mstari wa jirani zilikuwa zimeanza kuinama.

Alisema kwa sauti ya chini, "Kutaiba. Acha vijiko. Njoo kwangu kwa kutembea, usiguse kitu chochote."

Kutaiba alitembea. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Nimalizie lozi hizi," Bibi Tuffaha alisema.

"Utazimalizia nje, mama."

Nayef alikuwa ameshashuka, na Amu Mifleh amekuja mbio kutoka alikokwenda kutafuta kuni. Ndugu hao wawili waliingia hatua mbili tu, kila mmoja akashika upande wa kiti, wakambeba mama yao na bakuli lake mpaka barabarani. Wakati huo Fundi Jiryis alikuwa akiwaamuru walio juu. Aliwaambia waache koleo zao, wapite juu ya kuta na si katikati, na washuke mmoja mmoja. Mzee wa duka la mbolea alishuka wa mwisho, kofia ngumu imemfunika macho.

Amu Mifleh aligeuka, akaona boriti kwa mara ya kwanza. Alishika kichwa.

"Nazirudisha! Dakika moja tu, nazirudisha!"

Alikuwa ameshafika mlangoni Fundi Jiryis alipomdaka mkanda wa suruali.

"Niache, Jiryis! Kosa ni langu!"

"Kosa lako litakungoja hapa nje. Huingii."

"Nyumba ya ndugu yangu inaanguka!"

"Iache ianguke."

Walivutana. Amu Mifleh alikuwa na nguvu zaidi, na Nayef ikabidi amsaidie Fundi Jiryis kumrudisha nyuma. Walikuwa wamefika katikati ya barabara waliposikia mti ukipasuka. Kisha jeki moja ilianguka kwa mlio wa chuma, na sehemu ya paa iliyokuwa juu ya meza ikashuka yote kwa pamoja, mbao, nondo na zege. Uji wa kijivu ulitoka mlangoni ukatiririka mpaka kwenye viatu vyao.

Fundi Jiryis ndiye aliyetangulia kusema. Alitaka kila mtu aseme yuko na nani, na kila jirani aangalie aliyekuja naye. Majina yaliitwa, majina yakaitikiwa. Mama yake Rihab aliwashika wanawe wote watatu kwa pamoja, kama anayebeba kuni. Hakukosekana mtu. Hakuna aliyekuwa na hata mkwaruzo.

"Alhamdulillahi," Nayef alisema, akaketi chini palepale kwenye vumbi.

"Meza yenyewe ilikuwa ya kukodi," Bibi Tuffaha alisema kutoka kwenye kiti chake.

Mtu mmoja alianza kucheka, akashindwa kuacha, na wengine wakamfuata. Baadhi yao walikuwa wanafuta machozi huku wanacheka. Sabri aliosha bomba lake, akamrudisha dereva wa lori na zege lililobaki.

Mhandisi Sausan alifika kabla ya sala, kama alivyosema. Alitazama mlangoni kwa muda mrefu bila kukanyaga ndani. Aliuliza maswali yake kwa mpangilio: nani aliondoa, lini, nani aliona, nani alisimamisha. Alipojibiwa yote, alizungushia nyumba nzima utepe mpya, na hapo ndipo Amu Mifleh akamsogelea.

"Sema tu, Mhandisi. Nimeua watu leo."

"Hujaua mtu. Ungeua. Ni mambo mawili tofauti, na kilichoyatenganisha ni mtoto huyu na kitufe cha Sabri."

"Nilitaka wageni wale vizuri tu."

"Najua. Watu wengi wanaoumia kwenye ujenzi hawakuumizwa na mtu mbaya. Waliumizwa na mtu aliyetaka kurahisisha kidogo." Kisha akaongeza, "Na mimi nina langu. Nilifunga utepe, nikamwambia Nayef, nikaondoka. Sikukwambia wewe, wala hawa akina mama, wala mama yako. Ninyi ndio mngekitumia chumba kile. Nilijua desturi ya siku ya zege, na sikujiuliza karamu itawekwa wapi. Nilipaswa kuwa hapa."

Alimgeukia Rihab na watoto wengine waliokuwa wamesogea kusikiliza, Kutaiba akiwa nyuma yao.

"Sikilizeni vizuri, kwa sababu siku moja mtakuwa karibu na nyumba inayojengwa na mimi sitakuwepo. Rihab aliona kitu kisicho mahali pake. Hakuingia chini kukirekebisha. Hakupanda juu. Aliwatoa aliowafikia, akamtafuta mtu anayeweza kusimamisha kazi, akamwambia alichokiona na mahali alipokiona. Alichekwa, na baba yake hakumsikia, akaenda kwa mwingine. Kazi ikisimamishwa bure, hasara yake ni zege kidogo. Msiogope kamwe kusimamisha kazi bure."

"Na kama ningekosea?" Rihab aliuliza. "Kama jeki zile hazikuhitajika?"

"Sabri angekasirika, na mimi ningekushukuru vilevile."

"Nisingekasirika," Sabri alisema. "Ningepumzika."

Baada ya sala walikula. Masufuria yalikuwa bado uani, hayakuguswa na kitu ila upepo. Meza haikuwepo, kwa hiyo walitandika mikeka barabarani, mbali na nyumba, na majirani wakaleta masinia kutoka majumbani kwao. Vumbi liliingia kwenye wali. Kila mtu aliutafuna, na hakuna aliyelisema.

Amu Mifleh alipakua mwenyewe. Katika kijiji kile, kichwa cha kondoo hulazwa juu ya wali na uso wake huelekezwa kwa mgeni anayeheshimiwa kuliko wote. Wazee walikuwa wameketi kuzunguka sinia kubwa, wakingoja kuona. Alilibeba sinia, akawapita wazee, akampita Mhandisi, akaenda mpaka kwenye mkeka wa watoto. Akaliweka chini, uso wa kondoo ukimtazama Rihab.

"Amu, hapana," Rihab alisema kwa aibu. "Wazee..."

"Wazee wameniruhusu. Kula, binti yangu. Mama yangu yuko hai, na mwanangu yuko hai. Sina kitu kingine cha kukupa leo."

"Anza na ulimi," Sabri alimshauri kutoka mkeka wa pili. "Ndio uliofanya kazi."

Kutaiba alikaa kando yake. Kwa muda mrefu alishughulika na mkate tu. Mwishowe akasema bila kumtazama, "Ile ya mhandisi wa tochi..."

"Ee?"

"Nilikuwa natania."

"Nilijua."

"Hapana, hukujua. Nilikuwa nakucheka." Alimsukumia kipande cha nyama. "Asante kwa kunitoa."

Jioni, Nayef alipokuwa akikanda unga wa kesho, alimwambia Rihab, "Uliniita, nikakupungia mkono. Siku nyingine nitashuka." Kisha akaendelea kukanda.

Kifusi kiliondolewa na mafundi wa Jiryis kwa utaratibu, kuanzia juu. Majirani walichanga saruji na siku za kazi, na mzee wa duka la mbolea alileta lori lake. Boriti na jeki zilifungwa upya. Kabla ya Ijumaa iliyopangwa kwa kumwaga tena, Kutaiba alipita nyumba kwa nyumba akiwaeleza watu kuwa karamu itakuwa kwenye ua wa Amu Mifleh, chini ya turubai, na kwamba mlango wa nyumba mpya utakuwa na mlinzi. Mlinzi alikuwa Amu Mifleh mwenyewe. Aliweka kiti mbele ya utepe, akavaa kofia ngumu, na hakusimama mpaka pampu ilipozimwa. Mhandisi Sausan alikuwepo tangu lori la kwanza hadi la mwisho.

Zege likaachwa likauke. Mizeituni ilikuwa imeanza kuchumwa Fundi Jiryis alipokuja kuondoa jeki, akianzia katikati ya chumba na kuelekea kwenye kuta, moja baada ya nyingine, wakati familia nzima imesimama barabarani. Ya mwisho ilipotoka, Mhandisi aliingia na Rihab. Walivuta uzi chini ya paa kutoka ukuta hadi ukuta, Rihab ameshika ncha moja juu ya ngazi iliyofungwa, Mhandisi ameshika nyingine. Uzi uligusa zege kila mahali; paa halikuwa limebonyea hata kidogo.